Jani Linalodai Msamaha

Kwa wauza miche, drasena na sansevieria hukaa safu moja, na mnunuzi anayetafuta ua la sebuleni huuliza yale yale: mmea upi unavumilia kivuli, upi hautaki maji mengi? Sansevieria hustahimili wiki kadhaa bila kumwagiliwa, kwani majani yake manene yana akiba. Drasena huhitaji uangalizi zaidi. Hewa ikikauka, ncha za majani hugeuka kahawia. Undugu wao ni wa karibu kiasi kwamba wataalamu wa mimea sasa wanaiweka sansevieria ndani ya jenasi ya Dracaena.

Dracaena fragrans ndiyo isale la Wachaga. Uchagani, Kilimanjaro, masale huonyesha mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na hupandwa makaburini. Tena ndiyo njia ya kuomba radhi: aliyekosa humwendea aliyemkosea akiwa na jani la isale mkononi. Likishapokelewa, ugomvi umekwisha. Kulikataa ni jambo zito, na wapo wanaoamini kwamba anayelikataa hujitafutia balaa.

Sasa, msamaha ambao mtu anashindwa hata kuukataa ni msamaha kweli?

Anayeshikilia kwamba kusamehe hutoka moyoni ataona hapa mtu amelazimishwa. Hoja yake si nyepesi: aliyeporwa shamba anaweza kulipokea jani huku kifua kikimwaka. Lakini isale haliulizi habari za moyo, linauliza mkono. Linazuia kisasi kati ya koo zinazotumia mfereji mmoja na njia moja ya kwenda sokoni, na hasira ipoe kwa muda wake. Tena mzigo wa kwanza humwangukia mkosaji, maana kupita kijijini na jani lile ni kukiri mbele ya macho ya watu. Wakristo wa Kilimanjaro hawana sababu ya kuliona geni: Sala ya Bwana nayo inamfunga anayeomba kusamehewa awasamehe wengine.

Sansevieria ilishika njia nyingine. Aina yake inayofugwa zaidi majumbani asili yake ni Afrika Magharibi, na huko Brazili waumini wa Candomblé na Umbanda huiita upanga wa Mtakatifu George, wakiuhusisha na Ogum, mungu wa chuma na vita. Huwekwa mlangoni kuzuia uovu usiingie. Nyumba inahitaji ulinzi, hilo halina ubishi. Hata hivyo isale linathubutu jambo gumu zaidi, kwa sababu linamfungulia mlango adui mwenyewe. Katika nyanda za juu za Kameruni pia, drasena ni mmea wa amani.

Isale la kwenye chungu halijapoteza kitu. Mchaga aliyehamia Dar es Salaam anaweza kukata jani barazani kwake akampelekea nduguye waliyegombana naye juu ya urithi, nalo litafanya kazi yake, maana wote wawili wanajua linadai nini. Akimpelekea jirani aliyekulia kwingine, itabidi kwanza akae naye chini amweleze.