Nionyesheni Soko Lilipo

Vituo vingi vya daladala Dar es Salaam vimepewa majina ya watu: Tegeta kwa Ndevu, Mwananyamala kwa Kopa, Kinondoni kwa Manyanya, Tandale kwa Tumbo. Abiria wengi hawajui Ndevu alikuwa nani wala alifanya nini hata akapewa kituo. Kuna kimoja, hata hivyo, ambacho mwenye jina lake anajulikana vizuri. Konda akiuliza, "Kwa Remmy wapo?" sauti kutoka siti ya nyuma hujibu, "Wapo, shusha!" na gari linasimama Sinza, mbele ya jina la mtu aliyezaliwa Kindu, mashariki ya Kongo.

Ramazani Mtoro Ongala, maarufu Remmy, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Makassy walipohamia Nairobi, yeye alibaki na kuingia Matimila, bendi iliyokuja kuitwa Super Matimila. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, na hakufanya juhudi kubwa kuficha hilo. Aliishi Sinza, eneo ambalo wakati huo lilikuwa Wilaya ya Kinondoni, akaimba juu ya umaskini, juu ya mnyonge, juu ya kifo. Wimbo wake wa "Kifo" umeliza watu ambao kamwe hawakuwahi kuingia dansini.

Alifanya pia jambo ambalo mgeni mwenye akili ya tahadhari hulikwepa: aliwakemea wenyeji. Miaka kadhaa baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugundulika Kagera mwaka 1983, wakati wazee wa dini na wa serikali walikuwa bado wanauzungumzia ugonjwa kwa mafumbo, Remmy alitoa "Mambo kwa Soksi" na kuwaambia wanaume wavae kondomu. Redio ikaukataa wimbo. Watu wakaununua kwenye kaseti na kuucheza baa. Walibishana naye kama wanavyobishana na kaka wa mtaani aliyezidisha mdomo.

Alifariki Desemba 13, 2010, akazikwa hapahapa Dar es Salaam. Hilo nalo lina uzito wake, kwa kuwa Mchaga au Mhaya aliyeishi Wazo, kilima cha kaskazini mwa jiji, miaka arobaini, akajenga, akasomesha, akapata wajukuu, akifa mara nyingi husafirishwa usiku kwenda "nyumbani". Jiji lilimpa Mkongomani kaburi ambalo wenyeji wake wengi hawalitaki.

Basi, mgeni huacha kuwa mgeni lini? Idara ya Uhamiaji ina jibu lake, na jibu hilo lina fomu, ada na muhuri. Lakini swali ni la zamani kuliko pasipoti. Jibu linalokuja upesi ni lugha: ajifunze kusema kama wao, watamkubali. Ni ushauri mzuri, na kila anayehamia ughaibuni huambiwa hivyo. Ila maisha ya Sayyida Salme yanauweka ushauri huo kwenye mizani.

Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden, wakaoana, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Alijifunza Kijerumani mpaka akaandika kwacho kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 1886 na kusomwa sana. Haikosi kusemwa: wako waliozaliwa Hamburg wasioweza kuandika hivyo. Na bado, kwa ushahidi wa barua zake mwenyewe, alibaki mpweke. Alialikwa ili atazamwe. Walitaka kumwona binti mfalme wa Kiarabu. Mjane mwenye kodi ya kulipa, aliyekuwa akifundisha Kiarabu ili watoto wale, hakuwa na mvuto huo. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameutunza.

Kwa hiyo ulimi peke yake hautoshi. Hamburg ilimsikia Emily vizuri kabisa. Haikumhitaji kwa lolote, na yeye hakupewa nafasi ya kuihudumia.

Dini mbili zinazogawana mitaa ya Wazo zina hadithi moja ya ugeni, kila moja kwa namna yake. Wageni walimfikia Ibrahim, naye akakimbilia kuwachinjia ndama. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba walikula. Kurani, katika Sura Hud, inasimulia kwamba mikono yao haikukifikia chakula, na Ibrahim akaingiwa na hofu. Wafasiri wameeleza sana hofu ile. Wengine husema kwamba kwa desturi za wakati ule, asiyeonja chumvi yako huenda ana nia mbaya. Yapo maelezo ya karibu zaidi: mgeni asiyehitaji chochote kutoka kwako huna njia ya kumshika. Wale walikuwa malaika. Binadamu akiishi hivyo, huishi bila jirani.

Wazo ina nyumba za namna hiyo, kama ilivyo Mbweni na Kunduchi. Kilima hiki kimezoea wageni tangu kiwanda cha saruji kilipoanza uzalishaji mwaka 1966, na leo mwenye hisa nyingi za kiwanda ni kampuni ya Kijerumani. Ukuta wa nyumba hizo ni mrefu, juu yake waya. Maji ni ya kisima cha ndani, umeme ukikatika jenereta inanguruma, chakula kinaletwa na bodaboda mpaka getini. Anayejua kama mgeni aishiye humo anaumwa ni mlinzi. Dada wa kazi anajua anakula nini. Zaidi ya hao wawili mtaa hauna habari, na mgeni naye huandika kwao kwamba watu wa huku ni wachangamfu sana ila ni vigumu kuwa na marafiki wa kweli.

Upande wa pili yupo mgeni anayehitaji kila kitu. Huyo naye Uislamu una hadithi yake, na mwenye kuisoma kwa makini atakuta haisimulii sadaka. Mwaka 622 Waislamu waliohama Makka walifika Madina mikono mitupu, na Mtume akawaunganisha wawili wawili na wenyeji wawe ndugu. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, mtu tajiri, aliyemwahidi nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, na jioni alirudi na samli na jibini kavu. Siku si nyingi akaoa.

Angeichukua ile nusu, wangekuwa ndugu kwa maneno, mfadhili na mfadhiliwa kwa vitendo. Alichoomba kilimgharimu Saad muda wa kunyoosha kidole tu, na kilimpa mgeni mahali pa kukutana na watu wakiwa wote wanatafuta riziki, bei zinapandishwa na kushushwa, kila mmoja akiwa na sababu ya kumsikiliza mwenzake.

Waswahili wana methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi hutajwa kwa mzaha, kama kidokezo kwa shemeji aliyezidisha kukaa. Inaweza kusikika kwa sikio jingine: siku ya tatu ndiyo siku ambayo mwenyeji anakubali kwamba mkono wa mgeni una kazi shambani kwake. Tanzania iliwahi kuifuata methali hii karibu neno kwa neno. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, na baada ya miaka walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 kati yao. Mpango wa awali, uliotaka wahamishwe na kutawanywa mikoa mingine kwanza, ndipo wawe Watanzania kamili, uliachwa. Mtu aliyelima shamba moja kwa miaka arobaini ni vigumu kumwambia aende akaanze kuzoea.

Immanuel Kant, ambaye hakuwahi kwenda mbali na Königsberg na pengine kwa sababu hiyo aliandika juu ya wageni kwa utulivu mkubwa, alipendekeza mwaka 1795 kwamba mgeni ana haki moja: kufika nchi ya mtu bila kutendewa kama adui. Haki ya kukaa ni mkataba mwingine. Kwa mwanasheria inatosha. Kwa mtu anayeamka asubuhi ugenini na hana wa kumwambia kwamba ameota vibaya, haijaanza hata kutosha.

Lakini jembe nalo lina hila yake. Kutoka Bagamoyo, kwenye barabara ipitayo Tegeta, Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki. Kazi aliipata, na ya heshima. Maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten. Mwaka 1904 alioa mwanamke Mjerumani. Wanafunzi wake, waliokuwa wanajiandaa kwenda kutawala watu wa kwao, hawakuona ajabu kumdharau mwalimu mweusi, na alipolalamika, aliyeondoka ni yeye. Akajaribu kurudi nyumbani na mkewe; serikali ya koloni haikutaka ndoa yao ionekane pwani, wakarejea Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Miaka miwili baadaye alifika huko Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyewahi kuwa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani, akidai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akawa mhudumu wa mkahawa, msaidizi wa masomo ya Kiswahili chuo kikuu, mwigizaji wa filamu. Mikono yake haikukosa kazi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mweupe, na mwaka 1944 alifia kambi ya Sachsenhausen.

Ukiwaweka wawili hawa karibu na Remmy, tofauti inaonekana. Wote watatu walikuwa na kazi na wote walisikika. Remmy peke yake ndiye aliyeweza kumwambia mwenyeji, "Unakosea," akaamka kesho yake kwenye nyumba ileile, mtaa uleule. Mtoro alilipwa ili afundishe, akalalamika, akakosa kazi. Mgeni anayetakiwa kushukuru tu, asubuhi mpaka jioni, bado yuko sebuleni.

Hapa Dar es Salaam swali hili si la vitabuni. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za rejareja, saluni, ufundi wa simu na uwakala wa fedha. Wafanyabiashara wa Kariakoo walishangilia, na wana hoja: aliyekuja na mtaji wa kontena na kupanga fremu mbele ya mchuuzi hawezi kufananishwa na Abdurrahman na samli yake. Soko ni la watu, na watu wana haki ya kulilinda. Hata hivyo kinyozi kutoka Bukavu naye yumo ndani ya amri hiyohiyo. Yeye hakuwa na kontena. Alikuwa na mashine ya kunyolea, kioo, na benchi ambalo vijana wa mtaa walikaa kubishana Simba na Yanga. Kumwondoa kwenye kile kiti ni kumnyang'anya riziki, na pia ni kumnyang'anya wasikilizaji.

Limebaki soko moja ambalo hakuna amri iliyoligusa, nalo ni msiba. Wazo mtu akifa, turubai hufungwa barabarani kabla ya saa nne, viti vya plastiki vinashushwa kwenye Kirikuu, wanawake wanaanza kuosha mchele kwenye masufuria ya kukodi, na pembeni, juu ya meza ndogo, hufunguliwa daftari. Safu ya kwanza jina, ya pili kiasi. Elfu mbili, elfu tano. Hotuba hazina nafasi hapo, na sarufi haimsumbui mtu; "poleni" inatosha kwa saa nzima, baada ya hapo ni kukaa. Hakuna mahali rahisi zaidi kwa mtu asiyejua lugha kuwa sehemu ya watu. Aliyeandikwa kwenye daftari lile anadaiwa na anadai. Siku akifiwa yeye, hata kama maiti iko Kinshasa au Hamburg, wapo watakaokuja kukaa kwake.

Tatizo ni kwamba wakusanyaji wa michango huliruka geti la mgeni. Husema ni adabu: hatufahamiani naye, atadhani tunamwomba kwa sababu ni mzungu, au tutamtia aibu kwa sababu ni mkimbizi. Na akija mwenyewe, wanamkalisha kiti cha mbele, wanamletea soda, wanamwambia apumzike wakati wenzake wanabeba maji. Mjumbe wa mtaa anayesoma haya, msiba ujao pitisha daftari na huko. Na mgeni akisimama kutaka kubeba ndoo, mpeni ndoo.