Wafapo Watawala, Tusemeje?



Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, aliwatangazia Watanzania ya kuwa Rais John Pombe Magufuli amefariki dunia huko Dar es Salaam kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 61. Kyela ilikuwa masika, mito imejaa na mpunga umesimama majini. Kulipokucha, kutoka Kasumulu mpakani hadi Matema ufukoni, hapakuwa na mazungumzo mengine. Wako waliolia kama waliofiwa na baba. Wako walionyamaza. Na wako waliofurahi, lakini wakafunga milango kwanza.

Yafaa ikumbukwe kwamba kwa Wanyakyusa msiba ni kazi ya kijiji kizima. Ng'ombe huchinjwa, ndizi huletwa, na zamani hata ngoma ilichezwa matangani. Asiyefika hutiliwa shaka. Basi katika nchi kama hiyo hata kukaa kimya ni kusema.

Ijumaa ile, baada ya sala, alinijia mzee mmoja mkulima wa kakao, aliyeingia katika Uislamu akiwa mtu mzima. Akasema: "Shehe, mke wangu analia kwa kuwa wajukuu wetu wanasoma bila ada. Mimi nilipoisikia habari nilifurahi. Je, nimeharibu imani yangu?" Sababu zake alinieleza, nami sitaziandika hapa.

Sikumjibu upesi. Marehemu alishika madaraka Novemba 2015, na mwaka uliofuata ada zikaondolewa hadi kidato cha nne. Watumishi hewa wakafutwa katika orodha za mishahara, reli mpya na bwawa la Rufiji vikaanza kujengwa, na hapo Itungi zikaundwa meli za ziwani. Naam, lakini pia tangu 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na magazeti kadhaa yakafungiwa. Uchaguzi wa 2020 ulilalamikiwa sana na wapinzani. Mwenye kutaja upande mmoja tu hajasema uwongo, ila amepunja mizani.

Sasa tazama mafundisho. Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Lakini imepokewa vile vile kwamba jeneza lilipita, watu wakalisifu, na jingine likapita, watu wakalitaja kwa ubaya. Naye hakuwanyamazisha, bali aliwaambia kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Je, mambo haya mawili yanapingana? Hasha! Tusi ni jambo moja, ushahidi ni jambo jingine. Shahidi husema aliyoyaona kwa macho yake, wala haongezi kwa chuki wala hapunguzi kwa hofu. Kurani Tukufu inatuamuru tuwe waadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Nami naona kwamba wengi wa waliosema siku zile, kwa sifa au kwa lawama, hawakuwa mashahidi. Walikuwa wakirudia maneno ya jirani.

Tena lipo kosa lililowakumba wapenzi na maadui kwa pamoja. Mtoto wa Mtume s.a.w., Ibrahim, alipofariki, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume mwenyewe, mwenye msiba, akawakanusha: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Lakini mwaka 2021 mmoja alisema mvua inamlilia Rais, na mwingine akasema Mungu amemwadhibu kwa sababu ya korona, kwa vile serikali iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa tangu katikati ya 2020. Wote wawili wamejitwalia kazi ya Mungu. Mvua za Kyela hunyesha kila Machi! Kuhusu maradhi yale, kuyaficha na kudharau tahadhari ni jambo la kujadiliwa kwa hoja za wajuzi, wala si kwa kumsomea maiti hukumu.

Huko Dar es Salaam wanawake walitandika kanga barabarani ili jeneza lipite juu yake, na tarehe 21 Machi watu 45 walikufa katika msongamano kwenye Uwanja wa Uhuru. Hao nao walikuwa na watoto, na majina yao hayatajwi sana.

Nikamwambia mzee wangu: Mtume s.a.w. amefundisha ya kwamba wapo wafu ambao kwa kufa kwao watu, nchi, miti na wanyama hupata nafuu. Basi kuona nafuu si dhambi. Lakini nani aliye miongoni mwa hao, hilo liko kwa Mola wake. Jichunguze: wafurahia kuondokewa na hofu, au wafurahia kwamba nafsi imekufa? Jeneza la Myahudi lilipopita Mtume s.a.w. alisimama, na alipoulizwa akajibu kwa kuuliza kama hiyo nayo si nafsi.

Mzee alikaa kitambo. Kisha akasema, "La pili limo pia, Shehe. Kidogo." Nikamwambia hilo ndilo la kuombea msamaha, na la kwanza aliache. Jioni alikwenda kwa jirani yake aliyekuwa akilia, akampelekea mkungu wa ndizi, akaketi naye hadi giza likaingia.