KUONJA MVINYO SI UUNGWANA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani, vijana wetu wengi wamekwenda Nairobi kutafuta riziki. Wako waliopanga vyumba Kibera na Kawangware, na kila asubuhi hutoka kwenda kazini. Hilo ni jema, kwani kutafuta halali ni ibada. Lakini tumeulizwa mas-ala haya: mwisho wa mwaka wenzao wa kazini hufanya usiku wa karamu, zikafunguliwa chupa za mvinyo za kila namna, na kila mtu akatakiwa aonje na aseme ipi bora. Zamu ya kukaribisha ikimfikia Muislamu, je, aweza kununua na kuwamiminia wageni ikiwa yeye mwenyewe hanywi?

Jawabu yetu ni kuwa hawezi. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameuhisabu ulevi kuwa ni uchafu katika kazi ya shetani, akatuamrisha tujiepushe nao. Kujiepusha ni zaidi ya kutokunywa. Na Mtume (s.a.w.) amewatia katika laana watu kumi kwa ajili ya ulevi, mnywaji ni mmoja tu kati yao, na mnunuzi, mchukuzi na mwenye kuwanywesha wenziwe wamo. Ama kuonja, kilevyacho kingi chake, hata kidogo chake ni haramu.

Wako wasemao: "Huu si chang'aa ya vichochoroni, huu ni mvinyo wa watu wastaarabu." Tuitazame Kibera yenyewe. Mahali pale palikaliwa na askari wa Kisudani wa King's African Rifles, wengi wao Waislamu, tangu mwanzo wa karne ya 20. Na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kwa dhiki ya maisha, baadhi ya watu wakapika ulevi wa kuuza, ukavuma Nairobi nzima kwa jina la Wanubi wenyewe. Watu wa pwani wakawacheka, ilhali Wanubi ni watu wa misikiti na madrasa. Leo mtoto wa yule aliyecheka ashika bilauri ya mvinyo wa Ufaransa, na babake asema ni mambo ya kazi! Aliyepika kwa njaa na anayemimina kwa fakhari, ni nani mwenye udhuru zaidi?

Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, ulevi uliotiwa methanoli uliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Matajiri walisikitika, kisha wakarudi kwenye chupa zao. Lakini sharia haikutazama bei ya kinywaji wala uzuri wa bilauri; imetazama akili ya binadamu inayoondolewa.

Hatusemi kijana awatukane wenzake au awakatie salamu. Twajua pia kuwa yuachelea kuitwa mshamba, au kukosa kupandishwa cheo. Basi na aseme mapema, kwa adabu, kabla ya usiku wa karamu kufika. Zamu ikiwa yake, na awapikie biriani, awatilie sharubati, tende na kahawa chungu. Huo ndio ukarimu tuliorithi. Zikiletwa chupa juu ya meza, na aombe ruhusa aondoke, kwani tumekatazwa kukaa penye kupitishwa ulevi.

Nanyi wazee, mtoto akileta fedha msimuulize kiasi tu. Muulizeni pia akaa na nani, na anywa nini.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu na atupe sote riziki ya halali. Amin. Wallahu aalam.