Kifua cha Mtoto Ni Amana

Ndugu zangu wa Kitui, Mwingi, Wote, Makindu na Kibwezi,

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisimama kusalisha naye amenuia kurefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha Sala kwa kuchelea kumtia mama yake dhiki. Sala hiyo ni nguzo ya dini, na imamu ndiye Mtume mwenyewe. Vipi basi baba wa leo ashindwe kuizima sigara kwa ajili ya mwanawe anayekohoa ubavuni pake?

Nasema na wavutaji bila chuki. Tunaishi pamoja na nyumba zetu tunazijua. Wengi tumepanga chumba kimoja cha mabati: kitanda huku, jiko kule, pazia katikati, watoto mkekani. Ikifika Julai na baridi ya usiku kuuma, dirisha linafungwa na mwanya wa chini ya mlango unazibwa kwa gunia. Hapo ndipo mzee anawasha. Yeye anavuta dakika chache akalala. Moshi unabaki mle ndani, na masizi yake yananasa kwenye neti, kwenye shuka, na kwenye shati lile lile atakalombebea mtoto asubuhi. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko sisi, mapafu yake bado yanakua, wala hawezi kuinuka akatoka nje.

Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kiasi cha 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Humzidishia mtoto pumu, nimonia na maradhi ya masikio, na kwa mchanga huongeza hatari ya kufa ghafla usingizini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa moshi wa wenzao.

Barazani nitajibiwa: "Sheikh, sigara ni makruhu tu." Ni kweli wanazuoni wetu wa Kishafi walikhitalifiana tangu tumbaku ilipoingia nchi za Kiislamu: Qalyubi aliiharamisha, Bajuri akaiona makruhu, na leo wengi wanaiharamisha baada ya madhara yake kudhihirika. Lakini khilafu hiyo ni ya mvutaji na mwili wake. Kumdhuru asiyekuwa wewe hakuna aliyekuhalalishia. Mtume alikataza kudhuru na kudhuriana, na hadithi hiyo imo katika Arubaini ya Nawawi ambayo watoto wetu wanaihifadhi madrasani. Aliyekula kitunguu saumu kibichi aliambiwa asiukaribie msikiti, kwa harufu tu inayokera wenzake. Huu moshi unaua.

Na wewe dereva wa Probox unayetoka Wote kwenda Emali, abiria wamebanana, mama amempakata mtoto kiti cha nyuma, kuteremsha kioo chako hakumsaidii yule mtoto: upepo unamrudishia moshi usoni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuvuta ndani ya gari la abiria. Hata polisi asipokuona, Mola wako anakuona.

Akina mama, nanyi msiwashe kuni katika jiko lililofungwa mkiwa na mtoto mgongoni. Moshi wa kupikia nao umeua watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Mwachieni dada yake nje, au pikieni uani mvua isiponyesha.

Baba, Ramadhani unakaa bila sigara tangu alfajiri mpaka adhana ya magharibi. Uwezo huo Mwenyezi Mungu amekwisha kukuonyesha unao. Utumie kuacha kabisa. Na kabla hujaacha, kuanzia usiku wa leo toka uani, mbali na mlango na dirisha, ukirudi vua shati, nawa mikono na uso, usukutue, ndipo umshike mtoto. Mkeo akikuomba utoke nje usimkemee, kwani anaidai haki ya mwanao ambaye hajajua kusema. Na kamati za misikiti yetu ziwaondoe wavutaji barazani saa za madrasa, zikianza na sisi tunaokaa safu ya mbele.