Je, Kumkataza Mwenzako Kunatosha?



Mama mmoja hapa Tarasaa aliniuliza hivi: “Mwalimu, nimempiga marufuku baba watoto asinywe tembo nyumbani. Sasa anakunywa kichakani na kurudi usiku wa manane. Je, nilikosea?”

Kabla ya kumjibu, tutazame nchi iliyowahi kuwakataza watu wake wote. Huko Marekani, katika karne ya 19, mishahara iliishia baa, watoto wakalala njaa, wake wakapigwa. Mwaka 1874 wanawake Wakristo waliunda chama cha kupinga ulevi. Tusiwacheke, maana walikuwa na sababu. Hatimaye katiba ilibadilishwa, na kuanzia Januari 1920 ikawa marufuku kutengeneza, kusafirisha au kuuza pombe. Divai ya Misa iliruhusiwa.

Mwanzoni unywaji ulipungua, na vifo vya ugonjwa wa ini vikashuka. Lakini kiu haikuisha. Baa za siri zilizuka, magendo yakamtajirisha Al Capone wa Chicago, polisi wakahongwa, na wengine wakafa kwa kunywa spiriti ya viwandani. Desemba 1933 katazo hilo likafutwa.

Sisi Wakenya pia tumeyaona. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikahamia vichochoroni, ambako hakuna anayepima kilichomo. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku hiyo na kuweka leseni na saa za kuuza. Hata hivyo, Mei 2014 pombe ya sumu iliua tena makumi ya watu. Basi kukataza peke yake hakukuponya, na kuruhusu peke yake hakukuponya.

Mama, hukukosea kulinda pesa za unga na karo, wala kukataa kupigwa. Hiyo ni haki yako na ya watoto, usiiache. Ila usidhani kazi imekwisha. Sheria yaweza kufunga kilabu, lakini haiwezi kumrudisha mume nyumbani. Zungumza naye asubuhi, akiwa hajalewa. Muulize ni jambo gani linalomsumbua. Labda ni mashamba yaliyochukuliwa na mafuriko ya Tana, labda ni deni analoona aibu kulitaja.

Nawe baba, kunywa kwa siri ni kumdanganya uliyemwahidi uaminifu. Ukishindwa kuacha, sema wazi. Waiteni wasimamizi wenu wa ndoa. Fikeni pia kwa daktari, kwa sababu aliyezoea kunywa sana akiacha ghafla anaweza kuugua vibaya.

Jioni hii, watoto wakishalala, ulizaneni: katika nyumba yetu, ni katazo gani limezaa siri? Na ni nani kati yetu atakayeanza kusema ukweli?