Msimsingizie Mungu

Ndugu zangu, kuna neno tunalolisema msibani ambalo leo nataka litutetemeshe. Mtoto ameugua homa, amepelekwa duka la dawa, amemeza dozi mpaka ikaisha, na sasa tunatoka kumzika. Tunaketi mkekani tunaambiana: ni mapenzi ya Mungu. Nani kakwambia? Umelitazama boksi la dawa aliyokunywa? Umemuuliza aliyeiuza aliipata wapi? Mfugaji akikuta zizi limevunjwa na mbuzi hawapo, hasemi ni mapenzi ya Mungu. Anafuata nyayo. Mbuzi tunawafuatia nyayo, mtoto tunamfukia na kurudi nyumbani!

Mwaka 1990 nchini Nigeria, katika miji ya Ibadan na Jos, watoto walifikishwa hospitali wakiwa hawakojoi. Figo zao zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Walikuwa na homa za kawaida, na mama zao waliwapa paracetamol ya maji kama mama yeyote afanyavyo. Ndani ya chupa zile mlikuwa na dietilini glaikoli, kemikali ya viwandani inayotumika hata katika mafuta ya breki. Haina rangi, ni rahisi kuliko kiyeyushi halali, na ni tamu. Mtoto alipewa sumu na kijiko akakilamba! Wakafa zaidi ya 100. Madaktari wangeridhika na lile neno letu la msibani, sababu ingezikwa pamoja na maiti. Hawakuridhika, waliichunguza dawa. Lakini sumu hiyo hiyo ikarudi Nigeria mwaka 2008 katika dawa ya watoto wanaoota meno, wakafa 84. Mwaka 2022 ikaonekana Gambia katika dawa za kikohozi, na watoto wapatao 70 wakazikwa. Miaka zaidi ya 30, sumu ile ile, kijiko kile kile. Hilo ni tamaa ya watu na uzembe wa waliopaswa kupima. Mkono wa Mungu haumo.

Nitawaambia habari za mwanamke aliyekataa kumsingizia Mungu. Dora Akunyili alikuwa mfamasia na profesa. Mwaka 1988 mdogo wake, Vivian, aliyekuwa na kisukari, alifariki baada ya kutumia insulini bandia. Mwaka 2001 Dora alipewa kuongoza mamlaka ya chakula na dawa ya Nigeria. Akakamata shehena, akazichoma hadharani, akatangaza dawa feki magazetini ili mama wa kijijini naye azijue. Desemba 2003 watu wenye bunduki wakamvizia barabarani, risasi ikatoboa kilemba chake kichwani. Angeweza kuacha, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliendelea, na mwaka 2007 soko kubwa la dawa la Onitsha likafungwa ili lisafishwe. Simwiti malaika. Nasema alikuwa na msiba kama wetu, akaufuatilia.

Msidhani hayo ni ya mbali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au haina ubora. Haziui zote kwa sumu. Nyingine hazina kitu ndani, nyingine zina robo ya dawa inayotakiwa, ya kutosha kuwafundisha vimelea ukaidi na isiyotosha kumponya mgonjwa. Ndiyo maana muuaji huyu halali rumande: maiti haina jeraha, na cheti kitaandikwa malaria.

Zipo taasisi. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, na Wakala wa Dawa wa Afrika, uliowekewa makao yake Kigali, mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021. Lakini mkaguzi hawezi kuketi kitandani kwa kila mgonjwa. Wewe umeketi hapo. Basi dai risiti. Tunza boksi mpaka mgonjwa apone, kwa maana namba ya toleo iliyopigwa pale ndiyo unyayo wa mwizi. Dawa isipofanya kazi, rudi nayo kituo cha afya, useme kwa sauti, udai iripotiwe. Wala simlaumu maskini anayenunua ya bei nafuu. Angenunua nini, na mfukoni ana mia tano? Lawama yangu inapanda juu, kwa wanaojua.

Wewe unayechapa maboksi yenye nembo ya kampuni isiyokutuma, unajua. Wewe ofisa wa mpakani uliyepokea bahasha ukageuza uso, unajua. Biblia na Qurani zote zinamlaani mwenye mizani ya udanganyifu, naye kaiba unga tu; wewe umepunja pumzi ya mtu.

Na wewe muuza dawa, ndugu yangu, uliyeletewa katoni usiku kwa nusu ya bei bila hati, ukashuku, ukapanga rafuni hivyo hivyo: usingoje kesho. Zishushe dawa hizo sasa hivi, zipeleke kwa mkaguzi, mtaje aliyekuletea. Utapata hasara, najua. Ipate.