Mkeka wa Oscar

Msimu wa Oscar ukikaribia, wabashiri huchomoza kama kumbikumbi. Nani kabeba Golden Globe? Nani kapewa BAFTA? Chama cha waigizaji wa Marekani kimempa nani? Wakishajumlisha, wanamtangaza mwigizaji bora wa kike "anayestahili", na mara nyingi hata jinsi mwanamke huyo alivyoigiza hawaigusi.

Machi 2025 hesabu hizo ziliwaumbua wengi. Demi Moore alikuwa na Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji mkononi kwa filamu ya The Substance, lakini aliyepanda jukwaani kuchukua Oscar alikuwa Mikey Madison wa Anora, binti wa miaka 25. Wiki nzima watu walibishana ni kwa nini ubashiri umekwenda kombo. Kazi yenyewe ya hao wawili? Kimya.

Atatokea wa kusema mambo haya ni burudani tu, kama mkeka wa mpira. Sawa, ila mkeka haumfungii mtu goli. Huu wa Oscar unaweza. Wapiga kura wa Akademi inayotoa Oscar ni takriban 10,000, wengi wao wenye shughuli zao, na hadi Aprili 2025 hapakuwa na sharti la kutazama filamu zote za kipengele cha uigizaji kabla ya kura ya mwisho. Mtu ambaye hakutazama angempigia nani, kama si yule aliyesikia akitajwa kila kona?

Anayelipa gharama ni aliyeigiza katika filamu ambayo wabashiri wameshaidharau. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyebeba Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave, alirudi mwaka 2019 na Us ya mwongozaji Jordan Peele. Humo ni watu wawili: Adelaide, mama anayelinda familia yake, na Red, pacha wake wa kuzimu mwenye mkasi wa dhahabu. Red anapofungua kinywa, sauti inakwaruza na kukatika, kana kwamba koo limefungiwa miaka na leo ndiyo linajaribiwa. Mbele yake Adelaide anatetemeka. Sura ni ileile, lakini mtazamaji hata sekunde moja hachanganyi nani ni nani.

Wakosoaji wa New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo. Akademi haikumweka hata kwenye orodha ya watano. Filamu ya kutisha, tena iliyotoka Machi, karibu mwaka mzima kabla ya sherehe! Kati ya hao watano, watatu waliigiza watu halisi, na mshindi, Renée Zellweger, alimwigiza mwimbaji na mwigizaji Judy Garland.

Zellweger hakuharibu, na haki yake apewe. Ila kuiga mtu ambaye picha na kanda zake zimejaa tele ni kazi moja. Kumuumba Red, ambaye hakuna aliyewahi kumwona wala kumsikia, ni nyingine kabisa. Oscar ya 2020 ilikuwa ya Lupita.